Fumbo la Maneno: Mbu ni Ndege Asiyeruka

Barua za mwezi huu karibu zote zinalalamikia fumbo la toleo lililopita, na nyingi zinalalamikia kidokezo kimoja. Tunaanza na hicho. Kila kidokezo tumekinukuu kizima pamoja na idadi ya herufi za jibu, ili hata asiye na toleo lile aweze kufuata.

Mlalo 1: "Mbu ni ndege asiyeruka (5)". Mbu si ndege, tena anaruka! Mmetoa jibu MBUNI. Limetoka wapi?
*Msomaji, Tanga*

Limetoka kwenye maneno mawili ya kwanza. Andika MBU, andika NI, ondoa nafasi: MBUNI. Yanayobaki, "ndege asiyeruka", ndiyo maana ya mbuni, yule ndege mwenye shingo ndefu anayetegemea mbio. Sentensi uliyoisoma kama habari ya mbu haikuwa na habari ya mbu hata kidogo.

Hapo ndipo fumbo hili linapoachana na chemshabongo ya kawaida. Kwenye ile ya kawaida unapewa maana tu. Hapa kidokezo kina vitu viwili vilivyoshonwa pamoja: maana ya jibu, na ufundi wa kulijenga jibu lenyewe kwa herufi. Mshono umefichwa makusudi ili sentensi isomeke kama kauli moja. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuutafuta mshono. Chukua penseli uweke mkwaju: "Mbu / ni ndege asiyeruka". Halafu "Mbu ni / ndege asiyeruka". Halafu "Mbu ni ndege / asiyeruka". Kila mara jiulize: upande mmoja unaweza kuwa maana ya neno la herufi 5? Na upande wa pili una herufi za kulijenga? Mkwaju wa pili unajibu ndiyo mara zote mbili.

Ukishaona pande zote mbili zinakubaliana, unajua jibu ni sahihi bila kungoja toleo lijalo. Kitendawili hakikupi hilo. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai kwa sababu ndivyo tulivyorithi. Mwenye jibu lingine la akili bado ataambiwa atoe mji.

Viko vidokezo vichache visivyo na ufundi wa herufi, vyenye maana mbili tu za neno moja. Mlalo 14 kilikuwa hivyo: "Mnyama mkuna nazi (5)". Weka mkwaju baada ya "mnyama". Mnyama ni MBUZI. Na mkuna nazi ni mbuzi vilevile, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Waliozoea tui la pakiti walitusumbua sana kwa hiki. Hatuombi radhi.

Mlalo 8: "Samaki wamevurugika, leta cha kukatia kitambaa (6)". Niliandika MASIKA, tena kwa wino. Wima 5 ikakataa kabisa.
*Msomaji, Morogoro*

Kuvuruga ulikuweza: MASIKA kweli ni herufi za SAMAKI zilizopangwa upya. Ulichosahau ni nusu ya pili. Masika hayakati kitambaa. Jibu ni MAKASI, umbo lingine la mkasi. Majibu hayo mawili yanaanza sawa, M na A, kisha yanaachana kwenye kisanduku cha tatu: lako lina S, letu lina K. Na Wima 5 ilianzia hapohapo: "Kikoi kisicho na mkia ni cha kuvutia tumbaku (4)". Ondoa herufi ya mwisho ya KIKOI upate KIKO. Wewe ulikuwa unatafuta neno linaloanza na S, na lisingepatikana hata ungekesha.

Neno SAMAKI lina hatari kuliko linavyoonekana, na linafaa kwa kuonyesha namna ya kuvuruga bila kubahatisha. Herufi 6, mbili kati yake zikiwa A, zinapangika kwa njia 360. Hakuna mtu wa kuzijaribu zote. Lakini Kiswahili kinakusaidia: neno la kawaida hupishanisha konsonanti na irabu, na humalizika kwa irabu. Basi tenga konsonanti (S, M, K) na irabu (A, A, I). Konsonanti 3 zina mipangilio 6. Irabu ya pekee, yaani I, ina nafasi 3 za kukaa. Sita mara tatu, 18. Hizo zinaandikika pembeni mwa gazeti:

I ikiwa mwishoni: samaki, sakami, masaki, makasi, kasami, kamasi.
I ikiwa katikati: samika, sakima, masika, makisa, kasima, kamisa.
I ikiwa mwanzoni: simaka, sikama, misaka, mikasa, kisama, kimasa.

Soma kwa sauti. Sikio litakamata samaki, makasi, kamasi, masika na mikasa, na mkazi wa Dar es Salaam ataongeza Masaki. Neno moja limezaa maneno matano na mtaa. Ndiyo maana hupaswi kuandika jibu la kuvuruga kwa wino mpaka maana ikubali na angalau herufi moja ya wima ikubali.

Njia hii ina mipaka. Herufi zikiwa na N pamoja na D au G, au M pamoja na B, jaribu kwanza kuzifunga pamoja kama konsonanti moja (ND, NG, MB), la sivyo utapata orodha ndefu ya takataka. C na H ni lazima zifungwe. Na M yenye kusimama peke yake, kama ya mkate au mtoto, inavunja utaratibu wa kupishanisha. Ukiona konsonanti zimezidi irabu, anza kwa kuiweka M mwanzoni.

Maneno ya kukutahadharisha kwamba kuna kuvuruga ni yale ya fujo: kuvurugika, kuchafuka, kukorogwa, kutapanyika, kuyumba, kulewa, kuchanika. Ukiona neno la namna hiyo, hesabu herufi za neno lililo jirani yake. Zikilingana na namba iliyo kwenye mabano, karibu umefika. Zisipolingana, huenda fujo ile ni ya maana na si ya ufundi.

"Macho kwa kinyume: banika (5)". Nimegeuza MACHO nikapata OHCAM. Huu ni utani?
*Msomaji, Mtwapa*

Umegeuza herufi. Tuliposema "kinyume" tulikuwa na maana ya kinyume chenyewe, mchezo wa watoto wa pwani: silabi ya mwisho inaletwa mbele. MA-CHO inakuwa CHO-MA, na kuchoma ndiko kubanika. CH haiachani, kwa sababu mchezo ni wa silabi.

Kwa neno la silabi mbili ni kupishana tu: MALI hutoa LIMA, SAKA hutoa KASA, yule wa baharini. Kwa silabi tatu, ya mwisho inaruka mbele na zile mbili zinabaki na mpangilio wao. FI-KI-RA inakuwa RA-FI-KI, ndiyo maana Wima 11, "Fikira kwa kinyume ni mwandani (6)", ilikuwa RAFIKI. MA-SI-KA inakuwa KA-MA-SI, na hilo tunaliweka akiba kwa toleo la miezi ya baridi. Vijana wa Nairobi waliogeuza stori ikawa risto walifanya hesabu hiyohiyo.

Kugeuza herufi mojamoja ni ufundi mwingine, na tunautaja kwa maneno mengine: kurudi nyuma, kutoka mwisho, na kwenye safu za wima kupanda juu. Wima 3: "Amani ikirudi nyuma, shusha kichwa (5)". AMANI kutoka mwisho ni INAMA.

Mtatofautishaje kidokezo kisipokuwa wazi? Angalia herufi ya kwanza ya neno linalogeuzwa. Jibu la Kiswahili humalizika kwa irabu, kwa hiyo neno likigeuzwa herufi kwa herufi sharti lianze kwa irabu. AMANI linaanza na A, linageuzika. AIBU linatoa UBIA. INUA linatoa AUNI, yaani saidia. UMA linatoa AMU, jina la wenyewe kwa mji wa Lamu. MACHO linaanza na M, kwa hiyo usihangaike nalo. Ni silabi tu. Na IDADI ukiligeuza ni IDADI, jambo ambalo halijatufaa kitu bado.

NG'OMBE ni visanduku vingapi? Na CH ni kimoja au viwili?
*Msomaji, Iringa*

NG'OMBE ni 6. Ritifaa haina kisanduku. CH ni viwili, vivyo hivyo SH, DH, TH, GH na NY. Jibu la maneno mawili linaandikwa mfululizo bila kisanduku cha nafasi, na mabano yanaonyesha mgawanyo: (3, 4).

Ninafundisha Kiswahili, na upatanisho wenu wa kisarufi unanitia wasiwasi. Mlalo 17: "Bahari imechafuka: taarifa (6)". Kinachochafuka pale ni neno "bahari", si bahari yenyewe. Ilipaswa kuwa "limechafuka".
*Mwalimu, Kitale*

Mwalimu, kwa sarufi kavu uko sahihi, na kama tungekutii kila msomaji angejua papo hapo kwamba tunazungumzia neno. HABARI ingepatikana kabla kalamu haijafunguliwa. Tunapatanisha na kitu kinachosemwa, maana hilo ndilo vazi la kidokezo: bahari huchafuka, simba hukatwa kichwa, kikoi hukosa mkia.

Ila tunakubali sharti moja linalotokana na hoja yako. Kiambishi kikishawekwa, hakiruhusiwi kudanganya kuhusu nani anafanyiwa nini. Kwenye "Simba asiye na kichwa, toa wimbo (4)", kiambishi a- kinamfunga "asiye na kichwa" kwa simba na si kwa wimbo. Ondoa S, ubaki na IMBA. Tungeandika "Wimbo wa simba usio na kichwa" tukitaka IMBA ileile, ungekuwa na haki ya kurudisha gazeti, kwa sababu u- na -o zinasema usio na kichwa ni wimbo.

Hili linamfaa mfumbuaji kuliko tunavyopenda kukiri. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hii, kwa hiyo mfumbuaji wa huko anabaki kukisia neno la fujo linamhusu jirani wa kushoto au wa kulia. Kwetu viambishi vinanyoosha kidole. Ukiona "kilichochanika", tafuta kitu cha ki- kilicho karibu: hicho ndicho utakachokichana.

Na kwa kuwa tumewataja wasio na vichwa: kukata kichwa kunawezekana kwa maneno mengi (MVUA hutoa VUA, MWALI hutoa WALI), lakini kukata mkia kunawezekana kwa machache, yale yanayomalizika kwa irabu mbili. KIKOI, KIKO. PAPAI, PAPA. MBAO, MBA. Ukiona mkia unakatwa, orodha yako ni fupi tayari.

"Sima ndogo mahali pa kuteka maji (6)". Sima ni ugali, sivyo? Ugali na maji ya kuteka vinahusiana nini?
*Msomaji, Kampala*

Havihusiani, na hilo ni jambo jema. Neno la kuangalia ni "ndogo". Kwa Kiswahili kitu kikidogeshwa hupata KI-. KI na SIMA ni KISIMA.

Ufundi huu tunauthamini kuliko mwingine wowote, kwa sababu haukuazimwa kokote. Umetokana na ngeli zetu wenyewe. Jiko dogo ni KIJIKO. Tabu ndogo ni KITABU. Na "Barua ndogo: kazi ya kutwa (7)" ni KIBARUA, ambayo ni zaidi ya mchezo, maana neno hilo kweli limetokana na barua: mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi, na jina la kikaratasi likamhamia yeye na kazi yake.

Onyo moja. "Ndogo" wakati mwingine ni sehemu ya maana tu. Ukiona "Ndege mdogo", usikimbilie KIDEGE, hesabu kwanza.

Kwa nini hamtumii maneno yanayofanana kwa sauti? Nimeona Waingereza wanayatumia kila mara.
*Msomaji, Muscat*

Kwa sababu tahajia yetu inaandika kinachosikika. Maneno mawili yenye sauti moja na maandishi tofauti ni machache mno kwetu, wakati Kiingereza kimejaa. Kinachobaki ni tofauti za ndimi. Tumewahi kutoa "Thamani kwa ulimi usioweza th: fanicha (6)", jibu SAMANI, na tunakitetea, maana kidokezo kimesema wazi ni ulimi gani. L na R hatuzichezei. Kidokezo cha KULA na KURA kinachekesha chumba kimoja na kumchoma mtu aliyekaa pembeni.

Mchezo huu ulianza wapi?
*Msomaji, Dodoma*

Fumbo la kwanza la visanduku lilichapishwa na gazeti la New York World, Jumapili tarehe 21 Desemba 1913. Mtunzi alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na umbo lake lilikuwa la almasi. Hilo lilikuwa la maana tupu. Mtindo wa kuficha ulikomaa Uingereza: Edward Powys Mathers alianza kutunga kwenye The Observer mwaka 1926 kwa jina la Torquemada, ambalo ni la mkuu wa mahakama ya kutesa wazushi wa dini huko Hispania. Alipofariki mwaka 1939 nafasi yake ilichukuliwa na mwalimu wa shule, Derrick Macnutt, naye akajiita Ximenes, jina la mtesaji mwingine wa mahakama ileile. Huyu wa pili ndiye aliyesisitiza sheria tunayoifuata hapa: kidokezo kiwe na maana sahihi, kiwe na ufundi wa haki, kisiwe na neno la ziada.

Nikikwama kabisa nianzie wapi? Huwa najaza vitatu vinne, kisha naganda.
*Msomaji, Bujumbura*

Usianze na namba 1 kwa kuwa ni namba 1. Pitia vidokezo vyote mara moja ukitafuta vilivyo rahisi kuthibitisha, na rahisi kuliko vyote ni vya kuficha, ambavyo jibu limeandikwa mbele ya macho yako. Chukua "Duka la muuzaji lina cha kuandikia (6)". Iandike kwa herufi kubwa bila nafasi: DUKALAMUUZAJI. Soma polepole. KALAMU imo. Kwa njia hiyohiyo "Mama jirani amebeba kinywaji (4)" ni MAJI, inayoanzia mwishoni mwa "mama" na kuishia mwanzoni mwa "jirani". Maneno ya kukushtua ni kuwa na, kubeba, kuficha, ndani ya, katikati ya. Kiswahili, kwa silabi zake zilizo wazi, kinaficha maneno kwa urahisi mno, kiasi kwamba inatubidi tujizuie.

Ukishapata majibu manne au matano, acha vidokezo kwa muda uangalie mraba wenyewe. Kisanduku cha mwisho cha kila jibu ni irabu, isipokuwa majina machache ya kigeni. Weka nukta ndogo pale kujikumbusha. Kisha tafuta C. Kwa Kiswahili C haisimami bila H, kwa hiyo C iliyo kwenye makutano ya mlalo na wima inakupa H mbili bure, moja kulia kwake na moja chini yake. H iliyo peke yake haikupi uhakika huo, maana inaweza kutanguliwa na C, S, D, T au G, au isitanguliwe na konsonanti yoyote, lakini ikifuatwa na kisanduku kimoja tu ujue hicho ni irabu.

Jambo la tatu ni umbo la jibu. Maana na jibu lazima vibadilishane kwenye sentensi. "Toa wimbo" ni IMBA, haiwezi kuwa KUIMBA wala MWIMBAJI. "Mahali pa kuteka maji" ni jina, hivyo jibu ni jina. Barua tatu mwezi huu zimelalamika kwamba KUIMBA haikuenea kwenye visanduku vinne. Haikupaswa kuenea.

Halafu lala. Kidokezo kilichokugomea usiku kwa sababu ulikishika mshono vibaya, asubuhi utakishika kwingine. Macho yakishazoea mkato mmoja wa sentensi hayataki kuona mwingine.

Shikamooni. Nimejaribu kutunga vyangu vinne. Naomba mnisahihishie bila huruma.
*Binti msomaji, Moshi*

Marahaba, binti. Bila huruma, basi.

"Kitabu cha mwandishi wa kikao kimechanika (6)." Wazo ni zuri: herufi za KITABU zikichanika hutoa KATIBU. Lakini maana, "mwandishi wa kikao", umeiweka katikati, na kinachochanika kiko upande huu na mchaniko uko upande ule. Mfumbuaji hana pa kuweka mkwaju. Hamisha kitenzi: "Kitabu kilichochanika cha mwandishi wa kikao (6)". Maneno ni yaleyale karibu yote, na sasa mshono upo.

"Aibu imerudi kati ya washirika (4)." Ulitaka UBIA. Washirika ni watu, ubia si mtu. Pia "kati ya" inamfanya msomaji atafute neno la kufichwa ndani ya WASHIRIKA, na atalipata, maana SHIRIKA imo mle. Andika: "Aibu ikirudi ni biashara ya pamoja (4)".

"Mali ya mkulima kwa kinyume (4)." Ufundi upo, MALI inatoa LIMA. Maana haipo. "Mkulima" haiwezi kuwa maana ya lima, na zaidi ya hapo umemkalisha katikati. Ukimtoa, nafasi inabaki wazi kwa amri: "Mali kwa kinyume? Shika jembe (4)".

"Kukataa ndani ya baa ni janga (5)." Hiki hatukigusi. Kukataa ni LA, baa inaimeza, BA-LA-A. Atakayepinga atasema baa peke yake, mbali na kuwa mahali pa kunywa, tayari ni jina la janga, kwa hiyo umelitaja jibu mara mbili. Apinge. BAA ni herufi 3, na mabano yako yanadai 5.